Mjaribu Namba Kumi na Saba

Saa mbili na nusu usiku chai ilikuwa imepashwa moto mara tatu, na binti alikuwa bado hajarudi.

Bi Mkunjo alikaa kwenye kiti kinachotazama mlango, simu yake ndogo ameilaza mapajani. Kila baada ya muda aliiinua, akaitazama, akairudisha. Simu haikuwa na ujumbe wowote. Akajiambia kwamba ukimya ni dalili njema, kwani habari mbaya ina miguu. Kisha akakumbuka kwamba hata habari njema, mtu akiipata, hukimbilia kumpigia mama yake. Hapo akawa hajui ashike lipi.

Jina la Bi Mkunjo alipewa kazini, katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, kwa sababu shuka likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka kama karatasi mpya. Miaka kumi na tisa alikuwa huko chini, chini kabisa, ambako mabomba yanapita juu ya vichwa na mvuke haukauki. Binti yake alifanya kazi kwenye jengo hilo hilo, ila ghorofa ya nne, kwenye kitengo cha mafunzo. Alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, na miezi hiyo ilikuwa inaisha kesho. Leo ndiyo siku aliyotakiwa kuonyesha kazi yake kwa wakubwa. Ndiyo sababu ya chai kupashwa mara tatu.

Binti alipoingia hakuvua viatu. Alikaa kwenye kitanda cha mama, mkoba ungali begani.

"Mama, wanasema nimemzua mtu."

"Umemfanya nini?"

"Nimemzua. Nimemtunga kichwani. Wanasema namba kumi na saba hayupo duniani."

"Maskini! Alilazwa wadi gani?"

Binti akamwangalia kama mtu anayeamua acheke au alie. "Mama. Namba kumi na saba ni wewe."

Bi Mkunjo akajipapasa kifua, bila kujua kwa nini.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi kurudi nyuma wiki mbili. Hospitali ilikuwa imechoka kuwakusanya wafanyakazi ukumbini kila mara kuwafundisha namna ya kushika nguo zenye damu, mfuko wa rangi gani uende wapi, na mtu afanye nini akikuta sindano imesahaulika ndani ya shuka. Walitaka masomo hayo yaingie kwenye simu, kila mtu asome kwa wakati wake. Kazi ya binti ilikuwa kuchagua programu ya kutengenezea masomo hayo. Zilikuwa tatu. Binti alitengeneza somo moja, la sindano iliyosahaulika, akalitengeneza mara tatu, kila programu mara moja, akawapa watu ishirini ili walijaribu.

Alipomweleza mama yake kwa mara ya kwanza, walikuwa wanachambua mchele.

"Kwa hiyo mnanunua masomo," mama alisema.

"Hapana. Masomo tunatengeneza wenyewe. Tunanunua cha kutengenezea. Ni kama cherehani, mama. Hatununui nguo, tunanunua cherehani."

"Sasa mbona unataka kunipa nguo nijaribu?"

"Kwa sababu cherehani nzuri utaijua kwa nguo."

"Basi si mngempa fundi ajaribu?"

"Fundi ni mimi, mama!"

Mama aliinamia sinia, akatoa jiwe, akalitupa. Hakuelewa, lakini alielewa kwamba mwanawe anahitaji kitu. Kilichohitajika ni mtu mwenye simu ndogo, ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, anayefanya kazi mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa. Ghorofa ya nne wote walikuwa na simu kubwa zinazong'aa. Kulikuwa na kanuni kwamba ndugu wa mfanyakazi asiwe mjaribu, lakini wajaribu hawakuandikwa majina, waliandikwa namba. Binti akafumba macho, akampa mama yake namba kumi na saba.

Sasa, usiku huu, akafungua mkoba, akatoa karatasi.

"Angalia. Siku ya Jumatano, saa kumi na moja na dakika nne jioni, namba kumi na saba amemaliza somo la tatu. Dakika hiyo hiyo amelimaliza tena. Na tena. Mara tano, mama, ndani ya dakika moja! Mara ya kwanza amekosa maswali yote. Mara ya pili amepata yote. Mara ya nne amepata nusu. Mkuu wangu ameniuliza ni binadamu gani huyo. Jina lako sikuweza kulitaja. Akasema nilikaa mezani kwangu nikabonyeza mwenyewe ili nitimize hesabu ya watu ishirini." Akakunja karatasi. "Mama, niambie ukweli. Ulifanya peke yako?"

"Peke yangu," Bi Mkunjo akajibu.

Jibu lilitoka lenyewe, kabla akili haijafika. Miaka kumi na tisa ilikuwa imemfundisha kwamba mkubwa akiuliza nani alikuwepo, jibu ni mimi tu, ili hasira iangukie kichwa kimoja. Hivyo ndivyo wenzake walivyomlinda siku shuka za wadi ya upasuaji zilipoungua, na hivyo ndivyo yeye alivyowalinda wao. Binti akatikisa kichwa taratibu, akavua viatu, akaenda kulala na nguo zake za kazini. Chai ikabaki.

Bi Mkunjo akazima taa, lakini macho hayakuzimika. Amekosa wapi? Alichokifanya alikifanya kwa moyo mmoja. Au tuseme, kwa mioyo mitano.

Maana hakufanya peke yake. Chumba cha kufulia hakina kazi ya mtu mmoja. Shuka likilowa hukamuliwa na wawili, likikauka hukunjwa na wawili, na blanketi za wadini hutaka wanne. Mtu akileta mkate, unakatwa. Basi alipoleta somo, lingeliwaje na mtu mmoja? Wakati wa mapumziko waliketi juu ya mabunda ya nguo: yeye, Redio, ambaye mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia, Mama Pacha, Kimya, ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, na Babu wa Boila, mlinzi wa tangi la kuchemshia maji, aliyekuwa akichungulia kwa juu kwa sababu alidai miwani yake iko nyumbani, miaka yote.

Somo la kwanza walilifungua, wakakuta herufi ndogo kama mayai ya chawa. Ukizivuta zikue, nusu ya maneno inatoka nje ya kioo. Ukiyafuata maneno, kitufe cha kuendelea kinapotea.

"Mwalimu wa hili somo anaishi mbali sana," Babu alisema. "Hata barua zake hazifiki."

Somo la pili lilikuwa zuri. Herufi zilijipanga zenyewe, na lilikuwa na sauti ya mwanamke mpole iliyowasomea. Kimya alisogea karibu, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza kitu kwenye simu kilikuwa kinaongea naye. Kisha sauti ikakatika katikati ya neno, duara dogo likaanza kuzunguka, likazunguka mpaka kengele ya kazi ikalia. Kila siku ilikuwa hivyo. Sindano ilikuwa ndani ya shuka, na hakuna aliyejua itatolewaje.

Somo la tatu ilibidi Bi Mkunjo apande mpaka getini, alivute huko kwenye mtandao, ashuke nalo. Lakini lilikubali kufunguka chini, bila mtandao wowote. Halikuwa na sauti, basi Redio akawa sauti. Alisoma kwa nguvu, wakabishana, wakajibu. Redio akamaliza, Mama Pacha akaanza upya, kisha Babu, kisha Kimya kwa kusomewa, kisha Bi Mkunjo mwenyewe. Siku nzima walipokezana kila mashine zilipokuwa zinajizungusha zenyewe. Jioni alipofika getini simu ikalia mlio mdogo, ikatulia. Hakujua kwamba mlio huo ulikuwa wa simu inayotema majibu ya siku nzima kwa mkupuo mmoja.

Hata sasa hakujua hilo. Dakika moja, mara tano. Aliigeuza hesabu hiyo kitandani kama mtu anayegeuza nguo kutafuta doa analoambiwa lipo. Ikiwa kosa ni kuwa wengi, basi akisema ukweli atawachongea wenzake wanne. Asiposema, mwanawe atatoka kazini akiwa na jina la mwongo, na jina hilo halifuliki. Alfajiri ikamkuta hajaamua. Akavaa, akatoka kabla binti hajaamka, na miguu ndiyo iliyomwonyesha kwamba ameshaamua, maana hospitalini ilipanda ngazi badala ya kushuka.

Mkuu wa mafunzo alikuwa mwanamume wa miwani minene, anasoma karatasi huku amesimama.

"Mapazia yalishachukuliwa juzi, mama," akasema bila kuinua macho.

"Sikufuata mapazia. Mimi ndiye kumi na saba."

Karatasi ikashuka. "Kumi na saba gani?"

"Yule mnayesema hayupo."

Akamwonyesha kiti. Bi Mkunjo hakukaa, akijua gauni lake la kazi lina unyevu usiokauka hata akilala nalo juani. Mkuu akavuta jalada, akalifungua, akamtazama tena mgeni wake juu ya miwani.

"Haya, kumi na saba. Kwenye sehemu ya maoni umeandika, kwa herufi kubwa: MIMI NI BABU NA HERUFI HIZI NI NDOGO. Wewe ni babu?"

"Huyo ni Babu wa Boila."

"Chini yake umeandika miguu imevimba na pacha hawakulala."

"Ni Mama Pacha. Mmoja ana kikohozi."

"Hapa unadai glavu ndefu, na unasema mlizoletewa zinafaa kuosha vikombe."

"Redio. Huyo hata ukimpa karatasi ya choo ataandikia malalamiko. Lakini hapo amesema kweli."

"Na hapa hujaandika neno. Umebonyeza nyota tano kila mahali, hata panapouliza kama umekutana na tatizo."

"Kimya hajui kusoma, bosi. Alipenda nyota."

Mkuu akatoa miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Akauliza kwa sauti ya chini zaidi, "Na huyu binti aliyekupa namba, ni nani kwako?"

Hapa ndipo palipokuwa na shimo, na Bi Mkunjo aliliona. Liwalo na liwe. "Ni mwanangu. Nimemzaa mwenyewe."

"Unajua kanuni inakataza?"

"Mimi sikuijua, yeye aliijua. Hilo ni kosa lake, mkaripie. Lakini hakumzua mtu. Jana aliniuliza kama nilifanya peke yangu, nikamdanganya. Hata yeye hajui kama tulikuwa watano."

"Kwa nini mlifanya watano? Maelekezo yalisema kila mtu na simu yake."

Swali lenyewe halikumwingia Bi Mkunjo. Ilikuwa kama kuulizwa kwa nini unatembea kwa miguu miwili. "Simu ilikuwa moja," akasema mwishowe. "Na tungemwacha vipi Kimya? Yeye ndiye anayefungua mifuko. Sindano itamchoma yeye, si mimi ninayekunja."

Mkuu akageuza kompyuta yake kubwa ili mgeni aione. "Basi niambie. Kamati ya ununuzi imependa hii programu ya kwanza. Unaionaje?"

Bi Mkunjo akatazama. Lilikuwa somo la kupendeza kama kadi ya harusi: shuka jeupe, mkono wenye glavu ya bluu, sindano inang'aa, maneno yakiteleza pembeni. Akatazama mara mbili.

"Hii sijawahi kuiona."

"Ndiyo ya kwanza. Ndiyo uliyojaribu."

"Hapana, bosi. Ya kwetu haikuwa na mkono."

Akatoa simu mfukoni, akaifuta kwa kanga, akaifungua kwa kucha ya kidole gumba kama alivyozoea, akampa. Mkuu akaisogeza machoni. Akaipeleka mbali. Akaivuta kwa vidole viwili, ikaonekana ncha ya kidole chenye glavu ya bluu na nusu ya neno.

"Hapa panasema nini?"

"Hata sisi hatukujua. Ndiyo maana tulikosa yote."

Akaendelea kuivuta na kuisukuma kwa muda mrefu kuliko Bi Mkunjo alivyotegemea. Alipoirudisha, alikuwa na uso wa mtu aliyepewa chumvi akidhani ni sukari. Akaanza kumwuliza maswali mfululizo, lipi liligoma, lipi lilifunguka chini, simu ilipata mtandao saa ngapi, nani alisoma, nani alisikiliza, na yeye akajibu kila moja huku akihisi kwamba majibu yake yanamwingiza mwanawe shimoni zaidi. Aliposema kwamba lile la tatu ndilo pekee lililokubali kufika chini, ingawa halina sauti na halijui kwamba watu wanaweza kuwa watano, mkuu aliandika. Aliandika nini, na kwa nani, Bi Mkunjo hakujua.

"Mama, nitakueleza wazi," akasema. "Kamati inakaa saa tatu. Jana walishakubaliana kununua hii yenye mkono wa bluu, na binti akabidhi kitambulisho leo mchana. Mimi nina sauti moja kati ya tano. Nitawaambia uliyoniambia. Wakikubali, majaribio yanaanza upya huko kwenu, na yeye ndiye atakayeyaendesha. Nitamleta mwenyewe saa nne, wakati wa mapumziko yenu. Wakikataa, sina cha kuja kufanya."

"Kwa hiyo ukishuka, amebaki."

"Nikishuka, amebaki."

"Na usiposhuka?"

Mkuu akafunga jalada.

Chini, saa nne ilipogonga, wote watano walikaa juu ya mabunda kama kawaida. Bi Mkunjo alikuwa amewaeleza kila kitu, na alikuwa amengoja wamlaumu kwa kuwataja.

"Umemwambia mimi ndiye niliyeandika ya glavu?" Redio akauliza.

"Nimemwambia."

"Vizuri. Na lile la sabuni umelisahau?"

"Wee Redio, mwenzio roho iko juu kwa ajili ya mtoto, wewe sabuni!" Mama Pacha akamsukuma. "Shoga, tulia. Mtu wa ghorofa ya nne saa yake si kama yetu."

"Kwani huyo bosi anapajua huku?" Babu akasema. "Mimi nimemaliza miaka thelathini, sijaona kiatu cha ngozi kikishuka hapa ila cha fundi wa bomba, na hicho kilikuwa cha mpira."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Wote wakasimama. Kilikuwa ni kitoroli cha nguo chafu, kikisukumwa na mpeleka mashuka wa wadi ya wazazi, ambaye aliwakuta wamejipanga kama wanaopokea bibi harusi.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna. Ondoka," Redio akamjibu.

Saa nne na robo. Saa nne na dakika ishirini na tano. Mkate ulikuwa umekatwa na hakuna aliyeugusa. Kimya, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akisikika maneno mawili matatu tu, akasema, "Labda wanabishana. Sisi tulibishana siku nzima." Kisha kengele ikalia, mashine zikawashwa, na sauti yake ikamezwa.

Bi Mkunjo akarudi kwenye meza ya kukunjia. Akamwaza mwanawe akivua kitambulisho shingoni, na akajaribu kufahamu ni kwa kosa lipi hasa: la kumpa mama yake namba, la mama kusema uongo, au la mama kusema kweli. Hakulipata. Kimya akashika pembe mbili za shuka, yeye akashika mbili, wakalivuta likanyooka, wakaanza kusogeleana.

Kitasa cha mlango kikatikisika.

Kikatulia. Kikatikisika tena, kwa nguvu zaidi, na mlango haukutoka mahali pake. Watu wa chumba kile wanaujua mlango wao: umevimba kwa mvuke, unaunyanyua kwanza ndipo unausukuma, na hata mpeleka mashuka anaujua. Aliyekuwa nje hakuujua. Alikuwa anausukuma tu.

"Unyanyue!" Redio akapiga kelele juu ya mashine. "Nyanyua ndipo usukume!"

Kitasa kikapanda, kikashuka, kikakwama. Bi Mkunjo akaachia pembe za shuka. Likaanguka sakafuni, kwenye maji, naye akalikanyaga, akapita. Akashika kitasa kwa mikono miwili, akanyanyua, akavuta. Mvuke ukatoka nje kwanza, ukamfunika mwanamume aliyesimama pale, mpaka miwani yake minene ikawa nyeupe tupu, hata akawa anapapasa hewa.

"Samahani," akasema, bila kujua anaongea na nani. "Lifti haina kitufe cha huku."

Nyuma yake, amekumbatia majalada matatu, alikuwa amesimama binti.